Mwarobaini: majani, mafuta na mtoto wa miezi saba

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Tanga. Nina mtoto wa miezi saba. Mama mkwe amekuja kutusalimia na mfuko wa majani makavu ya mwarobaini na chupa ya mafuta yake. Majani anataka niyachemshe ninywe, na mtoto nimpe vijiko viwili kila asubuhi ili malaria isimguse. Mafuta anasema mtoto akishikwa na homa nimdondoshee mdomoni. Mume wangu ana kisukari, naye anakunywa kikombe kizima kila siku na ameanza kuuliza dawa za hospitali ni za nini tena. Sitaki kumvunjia mama heshima, maana mume wangu kakulia kwenye dawa hizihizi. Naomba kujua tu: ndani ya mti huu kuna nini, na kweli unatibu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lipo jambo moja lisilongoja, nianze nalo. Hayo mafuta yasiingie kinywani mwa mtoto, hata tone. Inuka sasa uyaweke juu, pale unapoweka mafuta ya taa, kisha urudi tuzungumze. Na kama alishapewa, na umemwona anatapika, anasinzia isivyo kawaida, anahema mbiombio au viungo vinamshtuka, acha kusoma. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe uibebe.

Mengine hayana haraka.

Mama mkwe wako hakukosea kuuheshimu mti huu. Sisi tukisema arobaini mara nyingi hatuhesabu: mzazi hukaa arobaini, marehemu husomewa arobaini, na siku za mwizi nazo ni arobaini. Ni idadi ya jambo kutimia. Aliyeuita mwarobaini hakukaa na kalamu akaorodhesha maradhi hadi ya 40. Alisema tu kuwa ni mti wa mambo mengi. Asili yake ni Bara Hindi na maeneo ya jirani, na jina lake la kitaalamu, Azadirachta indica, limebeba maneno ya Kiajemi yenye maana ya "mti huru". Ulivuka bahari ukaja kwetu, ukapenda mchanga na kiangazi cha pwani, na leo huwezi kutembea Tanga, Mombasa au Lamu usiukute uani kwa mtu. Hata uwanda wa Arafa ulipandwa maelfu ya miti hii ili mahujaji wapate kivuli. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, ule wa mbao nyekundu za samani.

Kosa wanaloanzia watu wengi ni kuuchukulia mti mzima kama dawa moja. Jani, gome, kijiti na mbegu ni vitu vinne tofauti, na tofauti yake si ya maneno bali ya kemia. Ukinivumilia kidogo nitakueleza, kwa sababu ukishaielewa hii, maswali yako yote yatajijibu.

Chukua limau, toa kokwa moja, itafune. Ule uchungu unaokukamata nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka unatokana na kitu kiitwacho limonini. Ndicho pia kinachofanya juisi ya machungwa ya aina fulani iwe chungu ikikaa kwenye jagi, ingawa ilipokamuliwa ilikuwa tamu. Limonini ndiyo iliyoupa jina ukoo mzima wa kemikali, limonoidi, na katika ukoo huo mwarobaini ni tajiri kuliko karibu miti yote tunayoijua. Zimeshatambuliwa zaidi ya mia moja ndani yake. Mti huanza na molekuli yenye kaboni 30, hukata nne za mkiani zikabaki 26, halafu huanza kuzipamba: hapa oksijeni, pale kipande cha asidi, kwingine pete mpya. Kila sehemu ya mti hupamba kwa namna yake. Kwenye jani utakuta zaidi nimbolidi. Kwenye mbegu utakuta azadiraktini, nimbini, salanini na gedunini, tena kwa wingi ambao jani halifikii kabisa.

Wa kwanza kuzitoa zikiwa safi alikuwa mkemia Salimuzzaman Siddiqui, mwaka 1942, aliyeyafanyia kazi mafuta ya mbegu akapata nimbini na kemikali nyingine mbili. Lakini iliyoupatia mti sifa duniani ni azadiraktini, na hadithi yake inaanzia Sudan. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wakitua na kufyeka kila kilicho kijani, ila miarobaini ikabaki na majani yake. Mwaka 1968 wanakemia wa Uingereza wakaitoa kemikali inayowakataza nzige kula. Ilichukua hadi 1985 kukubaliana juu ya umbo lake: kaboni 35, hidrojeni 44, oksijeni 16, zimesokotana kama ukili uliosukwa na fundi mwenye hasira. Kundi la mkemia Steven Ley pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lilihangaika miaka 22 kuitengeneza maabara, likafaulu mwaka 2007. Mti ulio nyuma ya choo chako unaitengeneza kila msimu bila kelele.

Azadiraktini humfanyia nini mdudu? Mdudu hukua kwa kujivua gamba, na huamrishwa kufanya hivyo na homoni maalumu. Azadiraktini huivuruga amri hiyo. Funza hubaki amekwama ndani ya ngozi yake ya zamani, nusu katoka nusu hajatoka, hadi anakufa. Wewe na mimi hatuna homoni hiyo, na ndiyo sababu dawa ya bustani iliyotengenezwa kwa mbegu hizi haiwatishi wataalamu kama sumu nyingine za shambani. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilifanya kazi kubwa miaka ya 1990 kuwafundisha wakulima wetu jambo hili. Ila usichanganye mambo: kutomdhuru mtu mzima anayenyunyizia sukuma wiki si ruhusa ya kumnywesha mtoto mafuta. Azadiraktini ni kitu kimoja tu kati ya vingi vilivyomo kwenye chupa ile.

Sasa malaria, maana ndilo swali lako kubwa.

Gedunini na nimbolidi zikiwekwa kwenye bakuli la maabara lenye vimelea vya malaria, vimelea hufa. Hilo ni kweli na limerudiwa mara nyingi. Watu husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Ukiendelea kusoma utakuta kwamba gedunini hiyohiyo ilipopewa panya walio na malaria, nguvu ilififia sana. Mwili huipokea kidogo na ini huivunja haraka kabla haijafika kwenye damu kwa kiasi cha kutosha. Bakuli la maabara halina ini.

Ongeza hapo jinsi dawa inavyoandaliwa jikoni. Limonoidi hupenda mafuta, maji hazielewani nayo. Ukichemsha majani sufuriani, kinachotoka kwa wingi ni tanini (ile inayokausha mdomo kwenye chai ya rangi), sukari ndefu za mmea na kemikali nyingine za mimea ziitwazo flavonoidi. Limonoidi nyingi hubaki kwenye makapi unayoyamwaga. "Lakini mbona chungu hivyo?" utaniuliza. Kwa sababu ulimi wetu umeumbwa mkali mno kwa uchungu: sehemu chache tu katika milioni zinatosha kukukunja uso. Hapa ndipo wazee wetu walipojenga hoja yao. Kwinini ilikuwa chungu, klorokwini ilikuwa chungu, zote zilitibu malaria, basi kila kichungu ni ndugu yao. Ni hoja ya mtu mwenye akili asiyekuwa na maabara. Ila uchungu ni habari ya ulimi, hauna taarifa zozote kuhusu kimelea.

Mbona basi watu hupona? Wengine homa yao haikuwa malaria tangu mwanzo; ilikuwa mafua, au homa nyingine ya siku tatu. Wengine ni watu wazima wa pwani walioumwa mara nyingi hadi miili yao ikajenga kinga, vimelea vinashikwa bila msaada. Na homa ya malaria yenyewe ina tabia ya kupanda na kushuka. Anayejifukiza jioni akatoka jasho na kulala vizuri ataamini ni majani, kumbe ilikuwa zamu ya homa kushuka. Mtoto wako wa miezi saba hana kinga hiyo. Kinga aliyoipata tumboni mwako inamwishia umri huuhuu, naye hajajenga ya kwake. Malaria kwake inaweza kutoka homa ya asubuhi hadi kupoteza fahamu kesho yake. Akipata homa, siku hiyohiyo apimwe kidoleni, na ikiwa ni malaria apewe dawa mseto kwa uzito wake. Kumkinga, chandarua chenye dawa kinafanya kazi kila usiku, na hakimkunji uso.

Turudi kwenye mafuta, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta ya mbegu za mwarobaini na wazazi wao, kwa nia njema kabisa, kutibu mafua na kikohozi. Visa vya namna hiyo viliripotiwa India pia. Saa chache baadaye mtoto hutapika, husinzia, huhema haraka, damu inajaa asidi, kisha huanza kutetemeka mwili mzima. Baadhi yao walikufa, na ini lilikutwa limejaa mafuta. Dozi? Kuanzia kijiko kimoja cha chai. Kinachoharibika ni mitokondria, vile vinu vidogo ndani ya seli vinavyouzalishia mwili nishati. Vikisimama, ini na ubongo wa mtoto vinaishiwa nguvu kwa pamoja. Mbegu zilizookotwa chini na kukaa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, kwa hiyo chupa ya kukamuliwa nyumbani inaweza kuwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Fikiria sasa tukio hilo likitokea kwetu. Mtoto ana homa. Anadondoshewa mafuta. Baada ya saa mbili anakakamaa, macho yanapinda. Nyumba nzima itasema nini? Degedege. Na degedege wengi wetu tuliambiwa lina dawa zake na watu wake, tena sindano hairuhusiwi. Atakimbizwa kwa mganga, huenda akaongezewa mafuta. Hakuna atakayeishuku chupa, kwa sababu ililetwa na bibi anayempenda. Hili ndilo linalonifanya niandike kwa ukali kuliko nilivyozoea.

Maji ya majani kwa mtoto nayo hapana. Hayana hatari ya mafuta, lakini hayampi kinga yoyote, na tumbo la miezi saba linahitaji nafasi yake kwa maziwa na uji. Wewe mwenyewe unanyonyesha, na hujaniambia kama unapanga uzazi kwa njia gani. Katika majaribio ya wanyama, dondoo za mwarobaini zimepunguza uwezo wa kushika mimba na kuharibu mimba changa, na nchini India mafuta yake yametafitiwa kama kizuia mimba. Mama mjamzito, anayetafuta mimba au asiye na hakika, asiyanywe. Unaponyonyesha, mimi ningekushauri uyaache pia.

Mumeo ana kesi tofauti. Majani ya mwarobaini yana uwezo fulani wa kushusha sukari; kwa wanyama imeonekana wazi, na kwa watu ziko tafiti ndogo zinazoelekea upande huo. Kwa hiyo anachokisikia mwilini huenda si ndoto. Hapo ndipo shida inapoanzia. Kama anatumia vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi, au insulini, halafu anaongeza kikombe ambacho hakina kipimo (leo majani kumi, kesho konzi mbili, juzi makavu, jana mabichi), sukari inaweza kuanguka ghafla: jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya kushtukiza, maneno kupishana. Na akiacha vidonge akabaki na kikombe peke yake, sukari itapanda kimyakimya wakati yeye anajiona mzima, maana kisukari hakiumi mpaka kimeshaharibu. Asiache dawa. Asimfiche daktari kikombe chake. Apime sukari asubuhi kabla ya kula kwa wiki mbili, aandike, aende kliniki na daftari hilo. Daktari mwenye busara hatamgombeza, ataangalia namba.

Basi mti huu una faida gani? Unayo, tena nyingi, ila karibu zote ziko nje ya mwili.

Ngozi ndiyo nyumba yake. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo kutoka India: watu 814 wenye upele ule wa kuwasha usiku, unaoletwa na mdudu anayejichimbia chini ya ngozi, walipakwa majani mabichi ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na mimi hupenda kuliona kundi hilo, lakini matokeo ya namna ile hayapuuzwi, hasa kwa dawa inayochumwa uani bure. Kwa harara na tetekuwanga, maji ya majani yaliyochemshwa na kupozwa hupunguza muwasho. Hata mwanao unaweza kumwogesha: yapoze kabisa, jaribu kwanza kwenye mkono wake usubiri siku moja, yasimwingie machoni wala mdomoni, kisha msuuze kwa maji safi.

Mswaki wa kijiti cha mwarobaini nao si ushamba. Ukitafuna ncha hadi ikawa brashi, unapata kusugua na unapata tanini na vichungu vinavyozuia bakteria wa fizi kujijengea utando. Fizi zinazotoka damu hunufaika. Kata kijiti kibichi kila mara, ukitupe baada ya matumizi.

Bustani nayo. Menya mbegu kavu, twanga gramu 50 za kiini kwa kila lita ya maji, ziloweke usiku kucha, chuja kwa kitambaa, nyunyizia jioni. Nasema jioni kwa sababu jua huivunja azadiraktini, na maji ya juzi yameshapoteza nguvu. Tengeneza ya kutumia siku hiyo. Utasikia harufu kama ya kitunguu saumu kilichovunda. Hiyo ni salfa, usishtuke.

Kabla ya kuchuma chochote, hakikisha ndio wenyewe. Uko mti mwingine, Melia azedarach, uliopandwa sana bara kwa ajili ya kivuli, na wengi huuita mwarobaini bila kujua. Tazama jani. La mwarobaini ni kama unyoya: kikonyo kimoja, vijani vimepangana huku na huku, vyenye meno pembeni na vimepinda kidogo kama jambia. La Melia hugawanyika mara mbili, kikonyo kinatoa vikonyo vingine ndipo vijani vianze. Maua ya mwarobaini ni meupe na yananukia kama asali. Ya Melia ni ya zambarau. Matunda ya Melia ni sumu, na watoto huyaokota kuchezea kwa sababu ni mviringo kama gololi.

Umebaki na mtihani wa mama mkwe, ambao ni mgumu kuliko kemia. Usimwambie dawa yake ni mbaya, kwa sababu si kweli. Mwombe akufundishe kumwogesha mjukuu kwa majani. Hiyo kazi ni yake na anaijua kukushinda. Majani yanayobaki yatandaze kwenye gunia la kunde, yafukuze wadudu. Mafuta mwombe ruhusa yawe ya mbu: kijiko kimoja cha chai ndani ya robo lita ya mafuta ya nazi, mjipake watu wazima miguuni mnapokaa barazani jioni. Watafiti wa India walitumia kiasi hichohicho, asilimia mbili, na mbu wa malaria walipungua sana. Akikuuliza mbona mtoto humdondoshei, mwambie mtaalamu mmoja mzee, naye amekulia chini ya mti huohuo, amekataa. Lawama nibebeshe mimi.

Na hiyo chupa iandike jina kwa kalamu ya wino usiofutika. Mafuta ya mwarobaini, ya ufuta na ya nyonyo yakikaa kwenye chupa za soda za aina moja, usiku umeme umekatika na mtoto analia, mkono huchukua inayotangulia.